Pauni Mbili kwa Kumi na Sita

Kwa majira mawili ya kiangazi nilimfanyia kazi mzee mmoja mpokea dau, katika viwanja vya mbio za farasi kaskazini mwa Uingereza. Nilikuwa mwanafunzi wa takwimu, na kodi ya chumba haingoji mtu. Yeye alisimama kwenye kijukwaa chini ya mwavuli wenye jina la baba yake; mimi nilipokea noti na kutoa tiketi. Kazi yangu ya pili ilikuwa kuchungulia skrini ndogo iliyofichwa nyuma ya ubao wetu wa bei.

Skrini ile ilionyesha soko la kubetiana mtandaoni. Betfair walilianzisha la kwao mwaka 2000, na ndani yake hakuna mpokea dau. Mmoja anasema farasi huyu atashinda, mwingine anasema hashindi, kampuni inawakutanisha na kumkata kamisheni aliyepata. Zamani bei zilivuka uwanja kwa mikono: wanaume waliovaa glavu nyeupe walipanda juu ya visanduku wakagusa pua, sikio, bega, na mwenzao ng'ambo ya pili akaelewa. Siku moja ya mvua, wateja wakiwa wamejificha, mzee alinionyesha ishara zote. Mikono yake ilikuwa na kasi kuliko vidole vyangu kwenye simu.

Tuje kwenye hesabu, maana ndiko uchungu uliko. Chukua mbio za farasi sita. Ubaoni petu: 7/4 (yaani weka 4 upate faida ya 7), 3/1, 4/1, 6/1, 10/1 na 16/1. Geuza kila bei iwe asilimia ya nafasi ya kushinda, ujumlishe. Kwa haki ingetoka 100. Yetu inatoka karibu 111. Hizo 11 za juu ndizo petroli, ada ya uwanja, mshahara wangu na chai ya mzee. Mtandaoni farasi walewale wanaweza kusoma 2.9, 4.2, 5.2, 7.6, 13 na 26, dau lako likiwa limehesabiwa ndani. Jumla: 102 na kidogo.

Lakini zile 11 hazigawanywi sawasawa, na hapa ndipo nilipokaa kwa muda mrefu. Weka pauni 20 kwa yule farasi anayepewa nafasi kubwa: sisi tunakupa faida ya 35, mtandaoni, baada ya kamisheni ya asilimia 5, unapata 36 na senti kumi. Tofauti hainunui hata kikombe cha chai. Siku kubwa, wapokea dau wakigombania wateja, mara nyingine sisi ndio tulikuwa bora. Sasa shuka hadi farasi wa mwisho. Pauni 2 kwetu zinaleta 32. Mtandaoni, 47 na nusu.

Na nani anamchukua farasi wa mwisho? Si wale vijana wa suti wenye simu mbili. Ni bibi aliyekuja na wajukuu, anayemchagua farasi kwa sababu jina lake linafanana na la mbwa aliyekufa.

Alikuwapo mmoja, mteja wa miaka mingi, daima pauni 2. Siku hiyo aliniuliza mimi, si mzee: "Kijana, hiyo kumi na sita ni bei nzuri?" Skrini ilikuwa mbele ya macho yangu. Mzee alikuwa hatua moja kutoka kwangu, na Jumamosi ile ndiyo ilikuwa kodi yangu. Nikamwambia kwenye simu ni 25/1. Akacheka. Akasema kule wanataka kitambulisho na kadi ya benki, na yeye hataki kasino iishi ndani ya mkoba wake. Akanipa sarafu yake. Mzee, bila kugeuka, akabonyeza ubao: 20/1. "Mwandikie hiyo," akasema. Farasi alimaliza wa nne.

Nilidhani nitafukuzwa. Jioni, tukikunja mwavuli, alinieleza jambo jingine kabisa. Mchana huo mtu alikuwa ameleta pauni 400 kwa farasi wa 3/1. Akishinda, tunadaiwa 1,200. Baba yake angeshika pumzi na kutegemea jicho lake. Mzee alichukua 395 kati ya zile 400, akaziweka mtandaoni kwa farasi yuleyule kwa 4.2. Akishinda, soko linatulipia deni, kamisheni ikiwa imeshatolewa. Akishindwa, tunabaki na pauni 5.

"Pauni tano," alisema. "Baba alikuwa mpokea dau. Mimi ni dalali wa simu."

Sikumwonea huruma sana, niseme kweli. Asilimia 111 ni asilimia 111, na wala haikuwa sadaka. Ila nilikuwa namfikiria mdogo wangu Dar es Salaam, ambaye kila Ijumaa hunitumia picha ya mkeka wake: mechi tano, zote lazima ziingie. Nilimfanyia hesabu. Kampuni ikijiwekea asilimia 6 tu juu ya kila mechi, kwa mechi tano zikizidishana inafika karibu 134. Yule bibi na farasi wake wa mwisho alikuwa mbioni na watu wenye huruma kuliko hao. Na mdogo wangu hana mzee wa kusikia swali lake na kubonyeza ubao.

Nilimpigia simu, nikamweleza yote, pole pole, na karatasi mkononi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza: "Kwa hiyo bro, hiyo ya watu kubetiana wenyewe, mimi nikiwa huku naifunguaje?"