Watu wa Nyumbani: Chama cha Wahamiaji wa Kakamega Kilivyofifia Nairobi

Vyama vya watu wa nyumbani, yaani vyama vilivyoundwa mjini na wahamiaji waliotoka lokesheni moja ili kusaidiana katika ugonjwa, karo na msiba, vilienea Nairobi enzi za ukoloni miongoni mwa vibarua na makarani waliopanda treni Butere au Kisumu na kupanga vyumba Kaloleni, Makongeni na Muthurwa. Wengi wao hawakujitambulisha kwanza kuwa Waluhya, bali Waisukha, Watiriki, Wamarama au Wanyore, kwa kuwa jina Abaluhya, linalokusanya jamii hizo zote, lilianza kushika mizizi katika miaka ya 1930 na 1940 tu.

Uzito wa vyama hivyo ulikuwa katika mazishi. Mluhya huzikwa kwenye boma la babake, na kwa hiyo kifo cha kibarua mjini kilizua deni la safari ndefu ambalo mjane peke yake hakuliweza. Daftari la michango, ambalo waandishi wa historia ya siasa hulipita upesi, ndilo lililokuwa chama chenyewe.

Soka ilikuja kuunganisha zilichotenganisha lokesheni. Mwaka 1964 vilabu kadhaa vya Waluhya mjini viliungana na kuzaa Abaluhya United, ambayo baadaye iliitwa Abaluhya FC. Mwaka 1980 serikali ya Rais Daniel arap Moi ilipoamuru vyama vya kikabila vivunjwe, vikiwemo GEMA, Luo Union na chama cha Abaluhya, klabu ilibadili jina ikawa AFC Leopards, ambayo mashabiki huiita Ingwe, yaani chui. Ajabu ni kwamba ilistawi: ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, kuanzia 1982 hadi 1984.

Daftari halikupata bahati hiyo. Kazi yake iliangukia kamati za matanga, ambazo huundwa mtu anapofariki na kutawanyika akishazikwa, na tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 mchango hutumwa kwa simu na mtu asiyelazimika kuhudhuria kikao wala kumjua mweka hazina. Amri ya 1980 iliharakisha kufifia huko, lakini si haki kuibebesha lawama yote, kwani watoto waliozaliwa mjini walikuwa wakikua bila kuijua lokesheni ya baba zao. Ngoma za isukuti bado hulia Ingwe inapocheza, na herufi A iliyosimamia Abaluhya ingali mwanzoni mwa jina la klabu, ila sasa husomwa kwa maneno ya Kiingereza yasiyotaja kabila lolote.