Shule Isiyo na Ligi Yake

Mwaka 2024 vyuo vikuu kumi vya Marekani viliuhama umoja wa michezo uitwao Pac-12, ambao mizizi yake ni ya mwaka 1915. Vilifuata fedha za televisheni zinazoletwa na futiboli ya Kimarekani. Umoja wa Big Ten, uliopokea vinne kati ya hivyo, ulikuwa umekwisha kuuza haki zake za matangazo ya miaka saba kwa zaidi ya dola bilioni 7. Vilibaki viwili tu, Oregon State na Washington State. Havikuwa vimefungwa uwanjani, wala havikukosa walimu au wanafunzi. Vilikosa majirani wa kucheza nao.

Nilipolieleza jambo hili darasani, mwanafunzi mmoja aliyesoma sekondari Handeni aliuliza: "Mwalimu, sisi tuna ligi gani ya kuhamwa?" Wenzake walicheka. Swali lenyewe limenikaa kichwani, kwa sababu jibu lake ni fupi na halifurahishi: hatuna.

Tunayo UMISSETA. Shule hushindana kwa siku chache, kisha wachezaji bora huchujwa kuunda timu za ngazi za juu, hadi ile ya mkoa. Mfumo huu una heri yake, kwani kijana wa shule duni anaweza kufika mashindano ya taifa. Lakini shule yenyewe huachwa nyuma. Haina msimu, haina mpinzani wa jadi, haina msimamo wa ligi wa kubandika ukutani.

Juu ya hayo, mipaka husogea. Wilaya ya Kilindi ilimegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Leo Handeni ina halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya, na Korogwe vivyo hivyo. Sikatai kwamba huduma zimesogezwa karibu na wananchi. Hata hivyo, shule mbili zilizozoea kukutana zaweza kujikuta kila moja ina afisa michezo wake, bajeti yake na ratiba yake. Chuo cha Marekani huhama ligi kwa hiari. Shule yetu huhamishwa ikiwa pale pale ilipojengwa, na hakuna anayeiuliza.

Wapo watakaosema hii ni burudani, si siasa. Mimi naona ngazi ikikatika juu, wa chini hukosa pa kupandia. Mwaka 2016 mkoa wa Tanga ulipoteza timu zake zote tatu za Ligi Kuu kwa mkupuo mmoja: Coastal Union, African Sports na Mgambo, timu ya kikosi cha JKT kilichoko Kabuku, Handeni. Coastal, bingwa wa mwaka 1988, ilirejea mwaka 2018. Mgambo haikurejea. Kijana wa Handeni aliyekuwa na timu ya kwao katika Ligi Kuu sasa hutazama za wengine kwenye kibanda umiza.

Nimelizungumza hili na mwalimu mmoja wa michezo wa Korogwe. Alinisikiliza kwa subira, kisha akasema: "Ndugu yangu, mimi nina mpira mmoja, nao nimeushona mara mbili. Wewe unaniletea ligi." Ana haki. Ruzuku ya shule ni finyu, na fedha ya halmashauri moja haivuki mpaka kirahisi. Lakini sizungumzii mabilioni. Kutoka mjini Korogwe hadi mjini Handeni ni kilomita 65 za lami. Wanafunzi wa Los Angeles sasa huvuka bara zima, takriban kilomita 4,000, kwenda kucheza New Jersey. Na safari hizo huwaelemea zaidi mabinti wa voliboli na wenzao, ambao mikataba ile haikuandikwa kwa ajili yao.

Napendekeza shule nane, nne za Handeni na nne za Korogwe, zikutane Jumamosi, nyumbani na ugenini, mpira wa miguu na mpira wa pete siku moja, kwa gari moja. Wakurugenzi wa halmashauri nne waandikiane makubaliano ya ukurasa mmoja: nani alipie mafuta, nani awajibike mwanafunzi akiumia. Halihitaji sheria mpya. Linahitaji watumishi wanne wa umma wakubali kwamba mpaka umewekwa kugawa kazi, si kutenga watoto.

Vile vyuo viwili vilivyoachwa havikukaa kulia. Vilialika vingine, Boise State kikiwa miongoni mwavyo, ili kuujenga upya umoja wao kuanzia mwaka 2026. Shule zetu hazijaachwa na mtu, hazijaalikana tu. Barua ya kwanza inaweza kuandikwa na mkuu wa shule yeyote, wiki hii.