Sahani ya Mlandege

Baridi ya Iringa haimstahi mtu wa pwani. Katika kibanda cha mama lishe, Mlandege, mgeni aliyetoka kisiwani anajikunyata kwenye benchi, moyo ukitamani wali wa nazi. "Kamwene," anaamkiwa, anaitikia kwa haya. Anawekewa ugali wa moto, maharage, kachumbari ya nyanya na pilipili, na kipande cha parachichi. Anaguna moyoni: hiki ni chakula cha bara.

Laiti angelijua! Jina la mahindi lataja India, lakini kwao ni Meksiko, yalikoanza kulimwa yapata miaka 9,000 iliyopita. Maharage, nyanya, pilipili na parachichi navyo vililelewa huko. Wareno waliyavusha mahindi bahari, na katika karne ya 17 yalikwisha kulimwa Unguja na Pemba. Anachokibeza leo, mababu zake walikwisha kukipanda.

Wahenga wasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mahindi yalipewa jembe, na Nyanda za Juu Kusini zikawa ghala la nchi. Na huyu naye? Anamega tonge, anatowelea maharage. Tonge la pili halina ugeni.

"Mama, naomba uniongezee kidogo," asema. Mama anampakulia, wala haulizi alikotoka.