Likizo Fupi Katika Nchi ya Maziwa na Misitu ya Minnesota

Miongoni mwa majimbo ya Marekani liko moja liitwalo Minnesota, nalo liko kaskazini kabisa, likipakana na Kanada. Watu wake hulisifu kuwa ni nchi ya maziwa elfu kumi, lakini katika sifa hiyo wamejipunja wenyewe, maana maziwa yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi yamehesabiwa yakapatikana 11,842. Jina la jimbo hilo si geni katika nyumba nyingi za Kenya, kwa kuwa Wakenya wengi, na Wasomali wengi zaidi, wamelowea huko wakifanya kazi katika mahospitali, viwanda na ofisi za Minneapolis na Saint Paul na miji ya kando yake.

Kila mwaka majira ya joto yafikapo, wenyeji wa miji hiyo hufunga mizigo juu ya motokaa zao wakaelekea kaskazini. Mgeni huwatazama wakienda, naye hutamani kuwafuata pamoja na mkewe na watoto. Lakini siku zake za likizo ni chache, pengine tano tu, na sehemu ya mshahara wake imekwisha kwenda nyumbani kwa karo za wadogo zake. Likizo ikiharibika, hana nyingine mpaka mwaka ujao. Kwa hiyo yampasa mtu wa namna hiyo kupanga safari yake kwa uangalifu kuliko tajiri, ambaye akikosa leo atarudi kesho.

NCHI YENYEWE

Sehemu isifiwayo kupita zote ni ile iitwayo Boundary Waters, yaani maji ya mpakani. Ni pori la ekari milioni moja na zaidi, lililoenea karibu maili 150 kando ya mpaka wa Kanada, ndani ya msitu wa serikali ulioitwa Superior mwaka 1909, wakati wa Rais Theodore Roosevelt. Ndani yake mna maziwa zaidi ya elfu moja, mengine madogo kama bwawa la kunyweshea ng'ombe, mengine hayaonekani mwisho wake. Barafu nene ya zamani za kale ndiyo iliyokwangua nchi hiyo mpaka ikafunua mwamba, na ilipoyeyuka, maji yakajaa katika mashimo yaliyobaki. Mwamba wenyewe ni wa kale mno: wataalamu wasema kwamba baadhi ya majabali yaliyo karibu na mji wa Ely yana umri wa miaka 2,700,000,000.

Hakuna barabara ndani ya pori hilo, wala hoteli, wala duka, wala taa ya umeme. Hata ndege za angani zimekatazwa kuruka chini juu yake tangu amri ya Rais Truman ya mwaka 1949. Sheria ya mwaka 1964 ililiweka katika hesabu ya mapori yasiyoguswa, na sheria nyingine ya mwaka 1978 ikazidi kubana, ikaziondoa mashua za mota katika sehemu kubwa ya maziwa. Mtu husafiri kwa mtumbwi na kwa miguu yake, basi.

KUCHAGUA MLANGO

Milango mikubwa ya kuingilia ni miwili. Wa kwanza ni mji mdogo wa Ely, ambao ni mwendo wa saa nne au tano kwa motokaa kutoka Minneapolis. Wa pili ni Grand Marais, mji ulio ufuoni mwa Ziwa Superior. Msomaji anayejivunia Ziwa Victoria na ajue kwamba ziwa hilo la Superior ndilo pekee la maji matamu lipitalo Victoria kwa upana. Kutoka Grand Marais barabara iitwayo Gunflint hupanda msituni maili 57, na kando yake zimo njia nyingi za kuingilia majini.

Mwenye watoto wadogo, au mzee asiyeweza kubeba mzigo, asione haya kuchagua mahali penye kazi nyepesi. Magharibi ya Ely iko bustani ya taifa iitwayo Voyageurs, iliyofunguliwa mwaka 1975. Huko maziwa ni mapana na mashua za mota zaruhusiwa, wala hakuna ada ya kuingia. Tena majimboni kote zimo nyumba ndogo za mbao za kupanga kando ya maziwa. Likizo si mashindano, na aliyelala chini ya paa huamka salama sawasawa na aliyelala hemani.

KIBALI

Kosa la wageni wengi ni kudhani kwamba pori halina bawabu. Tangu tarehe 1 Mei mpaka 30 Septemba, kila kikundi kitakacholala Boundary Waters hakina budi kuwa na kibali, na kila mlango una idadi yake ya vikundi viruhusiwavyo kwa siku. Idadi ikijaa, imejaa. Vibali vya majira ya joto huanza kutolewa mwishoni mwa Januari, wakati theluji ingali imefika magotini, na milango ipendwayo huchukuliwa upesi sana. Basi mwenye kutaka kwenda Agosti aanze kufikiri wakati wa Krismasi.

Gharama yake si kubwa. Mwaka 2024 ada ya kuweka nafasi ilikuwa dola 6, na kila mtu mzima alilipa dola 16, na mtoto dola 8, kwa safari nzima bila kuhesabu siku. Kwa hiyo baba, mama na watoto wawili walilipa dola 54. Kikundi kisizidi watu 9 na mitumbwi 4. Kibali hutaja siku na mlango wa kuingilia. Ukiisha kuingia, waweza kwenda utakako.

Aliyekosa kibali cha kulala asikate tamaa. Aweza kukaa katika kambi iliyo nje ya pori, akaingia asubuhi na kutoka jioni. Kwa safari hiyo ya mchana hujiandikia hati mwenyewe mlangoni.

WAKATI GANI?

Mwezi wa Juni mchana ni mrefu mno, karibu saa 16, lakini ndio mwezi wa mbu na inzi weusi waumao. Hawaleti malaria, lakini hunyima usingizi, na mtoto aliyeumwa usiku kucha hataipenda safari. Julai ina joto na watu wengi. Waliozoea hupenda Agosti: wadudu wamepungua, maji yamepata joto la kuogea, na matunda madogo ya buluu yameiva juu ya majabali. Hata hivyo usiku huwa baridi kama usiku wa Limuru, basi sweta isiachwe nyumbani.

MIZIGO NA NJIA ZA MABEGA

Maziwa hayo hayakuungana yote. Kati ya moja na jingine pana njia ya miguu, na hapo msafiri hushuka, akabeba mtumbwi kichwani na mizigo mgongoni mpaka maji ya pili. Njia hizo hupimwa kwa kipimo cha zamani cha Kiingereza chenye futi 16 na nusu, karibu sawa na urefu wa mtumbwi. Vipimo 320 ni maili moja. Ramani ikiandika 80, ni robo ya maili. Ikiandika 320, fikiri mara mbili.

Hapa ndipo hesabu inapowadanganya wengi. Mtu asiyeweza kubeba vyote mara moja huenda na mzigo wa kwanza, akarudi mikono mitupu, akaenda tena na wa pili. Hivyo njia ya maili moja imekuwa maili tatu. Mtumbwi wa bati la alumini una uzito wa ratili 70 hivi, na ule wa Kevlar wapata ratili 42 tu; tofauti hiyo ni kubwa begani, na inastahili nyongeza ya kodi. Wenye maduka ya Ely na Grand Marais hukodisha mitumbwi, makafi, mahema na masanduku ya chakula, kwa hiyo mgeni hana haja ya kununua vitu atakavyovitumia mara moja kwa mwaka.

Vyakula vya makopo na vinywaji vya chupa za kioo havikubaliwi ndani. Yafaa kuchukua mchele, unga, maharagwe yaliyokwisha kupikwa na kukaushwa, chai na sukari, vyote katika mifuko. Chakula lazima kitundikwe juu mtini mbali na shina, au kitiwe katika chombo asichoweza dubu kukifungua. Dubu weusi wa huko si wakali kwa desturi, lakini pua zao ni kali, na aliyeonja mkate wa wageni hurudi kuutafuta.

MAJI USIYOYAFIKA HUJUI WINGI WAKE

Methali hiyo yafaa kuandikwa juu ya kila mtumbwi. Maziwa makubwa huwa shwari asubuhi, na kufika alasiri upepo umeyageuza mawimbi. Mwenye busara huondoka alfajiri, hupita karibu na ufuo, na radi zikisikika hutoka majini upesi. Jaketi la kuelea si pambo la kukalia. Livaliwe, hata na mtu ajuaye kuogelea, kwa kuwa maji baridi humnyang'anya mwogeleaji nguvu zake.

Mwezi wa Mei 2024 mitumbwi miwili ilivutwa na mkondo ikatumbukia katika maporomoko yaitwayo Curtain Falls mpakani mwa Kanada, na watu wawili wakafa. Pale ramani inapoonyesha maporomoko, njia ya mabega haikuwekwa bure. Tena simu ya mkononi haifanyi kazi katika sehemu kubwa ya pori. Kabla ya kuondoka, mtu mmoja mjini aachiwe karatasi yenye jina la mlango, maziwa yatakayopitwa, na siku ya kurudi.

Moto nao ni hatari. Tarehe 4 Julai 1999 tufani iliangusha miti isiyo na hesabu katika msitu huo, na miti mikavu ni kuni. Moto wa Ham Lake wa mwaka 2007, ulioanzia kambini, uliteketeza ekari 75,000 hivi pande zote mbili za mpaka. Kwa hiyo moto huwashwa katika meko ya chuma yaliyowekwa kambini, nao huzimwa kwa maji mpaka majivu yawe baridi mkononi. Maji ya kunywa, ingawa ni safi kwa macho, yachemshwe au yachujwe.

WENYEWE WA MAJI HAYO

Si haki mgeni kupita huko akadhani kwamba nchi ilikuwa tupu. Ni nchi ya watu waitwao Ojibwe, nao ndio waliofundisha wengine kutengeneza mtumbwi kwa gome la mti wa birch, chombo chepesi cha kubebwa begani. Kila mwisho wa Agosti huingia katika maziwa ya kina kifupi kuvuna mpunga wa mwitu, mmoja akisukuma mtumbwi na mwenziwe akiyapigapiga mashuke kwa vijiti viwili. Katika mkataba wa mwaka 1854 waliitoa ardhi kwa serikali, lakini wakajiwekea haki ya kuwinda na kuvua, na haki hiyo wanayo hata leo.

Baada yao walikuja Wafaransa wa Kanada, wachukuzi wa ngozi za biva zilizokwenda kufanywa kofia Ulaya. Penye njia ya Grand Portage, maili 8 na nusu, kila mmoja alibeba mizigo miwili ya ratili 90. Msafiri wa leo anayelalamika kwa ajili ya mkoba wake na awakumbuke.

Halafu yakaja machimbo ya chuma. La mwisho la Ely lilifungwa mwaka 1967, na sheria ya 1978 iliwaudhi watu wengi wa mji huo waliopata riziki kwa mashua za mota. Tangu hapo wenyeji wamegawanyika. Wengine wataka shaba ichimbwe karibu na pori ili vijana wapate kazi. Wengine waogopa kwamba maji machafu ya machimbo yatafuata mito mpaka maziwani. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliziondoa ekari 225,000 hivi katika uchimbaji kwa miaka 20, lakini neno hilo halikuumaliza ubishi. Mgeni anunuapo mkate wake Ely asikilize kwa adabu, maana anazungumza na watu wenye watoto wa kulisha.

MPANGO WA SIKU TANO

Siku ya kwanza ni ya barabara, kuchukua kibali na kulala mjini. Siku ya pili ni kuingia alfajiri, maili sita au saba tu pamoja na njia mbili fupi za mabega, na kupiga hema mapema, kwa sababu kambi nzuri hujaa kabla ya jioni. Siku ya tatu isiwe na safari yo yote. Watoto waogelee na kuvua samaki, na jioni wote wakae kimya juu ya jabali wamsikilize ndege aitwaye loon, ambaye sauti yake hufanana na kilio cha mtu aitaye ng'ambo ya pili. Siku ya nne ni kurudi kwa njia ile ile, na siku ya tano ni akiba: upepo ukiwazuia ziwani, wangoje bila hofu ya kukosa kazi Jumatatu.

Wengi huiona siku hiyo ya tano kuwa hasara, wakaijaza maziwa mengine mawili. Hao ndio wanaovuka maji makubwa katika upepo kwa kuwa saa imewahimiza. Siku ya akiba haigharimu kitu ila kibaba kimoja cha mchele kilichozidi, nacho kibebwe.