Shingo ya Mtoto

Katika Biblia, watu wenye shingo ngumu ni wale wasiomsikia Mungu. Labda ndiyo maana mtoto akiwa na shingo isiyogeuka, wapo miongoni mwetu wanaotafuta kosa: mama alimtukana nani, baba ana deni gani na ukoo. Nimeyasikia haya hapa Nduguti, tena kwa wanakwaya.

Wakati mmoja wa mavuno ya alizeti, bibi mmoja alikuja ofisini na mkwewe, wakiwa na mtoto wa wiki sita. "Baba Mchungaji, huyu amefungwa. Mwombee afunguliwe."

Nilimpokea mtoto. Kichwa kililalia bega la kulia, kidevu kikaelekea kushoto. Mama yake, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akasema ananyonya vizuri titi moja tu. Akiwekwa la pili analia. Ubavuni mwa shingo, kulia, palikuwa na kivimbe kigumu kama punje ya harage.

Tuliomba. Kisha nikasema, "Mama, wanafunzi walimwuliza Yesu ni nani aliyekosa hata mtu yule akazaliwa kipofu. Hakuwatajia mtu. Kesho mpelekeni hospitali."

"Kwa hiyo maombi yako hayatoshi?"

Swali zuri, na sisi wachungaji hupenda kulikwepa. Nilimwambia kwamba waliotuletea Injili waliomba, na wakajenga pia. Haydom ilifunguliwa mwaka 1955, na hapa wilayani Mkalama tunayo Iambi. Sala na dawa hugombana midomoni mwetu tu.

Hospitalini waliambiwa kuwa msuli unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga ulikuwa umekaza na kufupika. Hutokea mtoto akikaa kwa kubanwa tumboni, au uzazi ukiwa mgumu. Hapana mkono wa mtu. Mtaalamu wa fiziotherapia akamwonyesha mama la kufanya mara kadhaa kwa siku: kulishika bega la kulia litulie, kukiinamisha kichwa taratibu kuelekea bega la kushoto, kisha kuugeuza uso kulia. Mtoto akikataa, unaacha. Hakuna kuvuta kwa nguvu, wala kukanda kwa mafuta hadi alie. (Hapo bibi aliguna.) Akiwa macho alazwe kifudifudi, mtu akimwangalia, akilala, alale chali. Na aitwe, achezewe, kutoka upande ule asiopenda kuugeukia.

Wakianza mapema, hasa kabla ya miezi mitatu, watoto wengi hupona bila upasuaji. Wakichelewa, kichwa huweza kubonyea upande mmoja na tiba ikawa ndefu. Lakini shingo inayopinda ghafla, au inayokuja na homa, kutapika au baada ya kuanguka, si ya mazoezi ya nyumbani. Hiyo ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Kazi ile ilichukua miezi. Mama alikuwa na shamba, kwa hiyo aliyekaa mkekani na mtoto mara nyingi alikuwa bibi. Kusoma saa hajui, basi alipima kila zoezi kwa wimbo: ubeti mmoja kuinamisha, ubeti mmoja kugeuza.

Siku hizi wazazi wakija kupanga ubatizo, nawauliza majina ya wadhamini, halafu nawauliza kama mtoto anageukia pande zote mbili.