Kombe Alipewa Mwenye Chombo

Naanza kwa kuomba radhi, halafu ndiyo twende Ugiriki.

Wale mnaonifuata tangu mwaka jana mnaikumbuka ile video yangu ya mashindano ya ngalawa hapa Diani. Ile inayoanza na matanga yote yakifunguka kwa pamoja, halafu inaishia na mzee mwenye kofia akiinua kombe huku watu wanapiga vigelegele. Mpaka leo hakuna video yangu iliyotazamwa kama ile. Hoteli moja iliiona, wakanipigia simu, wakanilipa 15,000 niwatengenezee nyingine ya kwao. Kwangu mimi hiyo ilikuwa pesa ya kwanza ya maana kutokana na kazi hii.

Ambacho hamkijui ni kwamba aliyeshika usukani wa ile ngalawa iliyoshinda ni mjomba wangu. Ndugu yake mama, tumbo moja. Na katika video nzima, jina lake halitajwi hata mara moja. Anaonekana kwa sekunde mbili tu, tena mgongo.

Hakuna aliyenikataza kumtaja. Nilisahau tu. Na hilo ndilo linaloniuma.

Niwape picha ya siku yenyewe. Ilikuwa msimu wa kaskazi, upepo umekaa vizuri, maji yanaanza kupwa. Ngalawa zilikuja kutoka Galu, Gazi mpaka Msambweni. Kama hujawahi kupanda ngalawa, usidhani ni kukaa tu na kuvuta kamba. Nahodha yuko nyuma na usukani, mwingine anashughulika na tanga, na mmoja anatoka nje kabisa kukaa juu ya tengo upande wa upepo, ili uzito wake uzuie chombo kisipinduke. Wakigeuza, yule wa tengo anavuka mbio upande wa pili. Akichelewa, nyote majini.

Kwenye boya la mbali, ngalawa ya Gazi ilikuwa mbele. Wengine wote wakageuza mapema kwa kuogopa mwamba. Mjomba hakugeuza. Alienda karibu kabisa na mwamba, mahali ambapo mimi kutoka ufukweni niliona ni povu tupu, ndipo akageuza. Baadaye alinieleza kwamba maji yakianza kupwa kuna mkondo pale, na ukiuingia unakusukuma bila kuhitaji upepo. Amevua pale tangu akiwa mdogo kuliko mimi, kwa hiyo anaujua kama uani kwake.

Wakashinda. Mshereheshaji akachukua maiki akamwita mwenye chombo. Mzee akatoka kivulini alikokuwa anakunywa soda, akapokea kombe na bahasha. Mjomba na wenzake wakati huo wako majini mpaka mapajani, wanashikilia ngalawa isipigwe na mawimbi. Na mimi na simu yangu? Nilikimbilia kombe.

Wiki mbili baadaye nikaenda kwao Msambweni kuamkia. Mtoto wake alikuwa ameshamwonyesha video. Nikamshikia mkono, "Shikamoo mjomba," akaitikia, akaniuliza habari za mama. Halafu akasema, "Video yako nzuri, mwanangu. Mimi nilikuwa wapi?"

Wallahi hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza kandambili zake ziko wapi. Lakini sisi Wadigo, mjomba si mtu wa pembeni. Zamani hata urithi ulipitia kwake. Nilikunywa chai yote ile nimeangalia kikombe.

Sasa ndiyo Ugiriki. Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, karo iligoma, na stori hiyo nimeshawahi kuisimulia hapa. Lakini niliondoka na tabia moja: kitu kikinisumbua, nakitafutia mahali kilikotokea zamani. Nikajiuliza, hawa watu waliobuni Olimpiki, wao walimpa nani kombe?

Mwanzo wake unapendeza. Kwa hesabu ya Wagiriki wenyewe, michezo ya Olympia ilianza mwaka 776 KK, na mshindi wa kwanza kuandikwa anaitwa Koroibos, mtu wa Elis. Kazi yake ilikuwa upishi. Alikimbia mara moja kutoka mwisho mmoja wa uwanja hadi mwingine, karibu mita 192. Pale Olympia zawadi ilikuwa taji la matawi ya mzeituni, basi. Hakuna wa pili wala wa tatu. Na mpishi yule jina lake tunalo mpaka leo.

Mambo yalibadilika walipoingiza farasi. Kwenye mbio za farasi na za magari ya farasi, taji halikwenda kwa aliyeshika hatamu. Lilikwenda kwa mwenye farasi. Mwenyewe hata akiwa amekaa kwake, mshindi ni yeye.

Mwaka 476 KK Hieron, mtawala wa Syracuse kule Sisilia, alishinda mbio za farasi Olympia. Jina la farasi wake tunalijua: Pherenikos. Jina la kijana aliyekuwa juu ya mgongo wa Pherenikos hatulijui. Nililisoma hilo mara tatu. Farasi ana jina, aliyempanda hana.

Mwaka 396 KK Kyniska, binti wa mfalme wa Sparta, akawa mwanamke wa kwanza kushinda Olympia, mahali ambapo wanawake hawakuruhusiwa kushindana. Aliwezaje? Farasi walikuwa wake. Nafurahi kwa ajili yake, lakini mwendeshaji alikuwa mtu mwingine. Mwaka 416 KK Alcibiades wa Athens alipeleka magari saba kwa mpigo, akashinda, halafu akasimama mbele ya wananchi akatumia ushindi huo kuomba apewe uongozi wa vita. Wanasiasa wetu wanaotoa jezi zenye sura zao msimu wa kampeni wasidhani wamebuni kitu kipya. Na Nero, mfalme wa Roma, mwaka 67 BK aliendesha mwenyewe gari la farasi kumi, akaanguka, hakumaliza mbio, na bado akatangazwa mshindi. Hapo nilicheka peke yangu kwenye matatu ya Ukunda mpaka kondakta akaniangalia.

Lakini tuwe waadilifu. Mwenye farasi ana hoja yake. Farasi wanne wa mashindano wanakula, wanafunzwa, wanasafirishwa. Bila tajiri hakuna mbio. Mwenye chombo wetu pia ana hoja. Gogo la mwembe la kuchonga ngalawa si bure, fundi si bure, tanga si bure. Chombo kikivunjika mwambani, hasara ni yake. Yule mzee si mtu mbaya. Hata mjomba mwenyewe anasema hivyo.

Ila pwani yetu ilishatatua jambo hili zamani, na halikuhitaji Mgiriki. Mkirudi kutoka kuvua, samaki wanagawanywa mafungu. Chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, nahodha ana lake, kila baharia ana lake. Hakuna mwenye chombo anayesimama ufukweni akachukua samaki wote eti kwa sababu ngalawa ni yake. Angethubutu, kesho angekosa watu wa kwenda naye. Sasa mbona mgao huo huo unapotea siku ya mashindano? Bahari ile ile, ngalawa ile ile, watu wale wale. Kilichoongezeka ni maiki na kamera.

Na kamera ni mimi. Hapa ndipo nilipojikuta ndani ya hadithi.

Kulikuwa na mshairi anaitwa Pindar. Kazi yake ilikuwa kuwatungia washindi nyimbo za sifa, kwa malipo. Matajiri walimtafuta kwa sababu taji la majani hunyauka, lakini wimbo ulizunguka mji kwa mji. Ndiye aliyemtungia Hieron, na ndiye aliyemtaja farasi akamwacha mpandaji. Yaani kwa lugha ya leo, Pindar alikuwa mtengeneza maudhui mwenye wateja. Nikamwona kabisa na simu yake, anakimbilia kombe.

Ningeishia hapo ningejisamehe haraka: kazi ndiyo ilivyo, anayelipa ndiye anayesifiwa. Lakini Pindar huyo huyo ana wimbo mwingine. Mwaka 462 KK mfalme Arkesilas wa Cyrene, mji uliokuwa katika Libya ya leo, Afrika yetu hii, alishinda mbio za magari ya farasi kule Delphi. Pindar alimsifu mfalme, mteja wake, kama kawaida. Lakini humo humo akamtaja mwendeshaji kwa jina, Karrhotos, akaeleza kwamba waendeshaji arobaini walianguka na yeye akalifikisha gari lake zima bila kuvunjika. Ni kweli Karrhotos alikuwa shemeji wa mfalme, hakuwa mtumwa. Lakini mfalme hakupungukiwa na kitu, na leo miaka zaidi ya 2,400 baadaye, mtoto wa Kwale anaandika jina la Karrhotos.

Kwa hiyo iliwezekana. Haikuwa sheria ya mbingu kwamba mwenye mkono asitajwe.

Wiki iliyopita nilirudi Msambweni na 7,500, nusu ya ile pesa ya hoteli. Nilimwambia mjomba ni haki yake, kwa sababu bila yeye hakuna video ya kwanza, na bila ya kwanza hoteli wasingenijua. Akazihesabu, kisha akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Akazipanga mkekani kama anapanga changu na tafi. Fungu la yule wa tengo. Fungu la yule wa tanga. Lake mwenyewe. Na fungu la mwenye chombo.

"Yeye ameshapata bahasha," nikasema.

"Ile ni yake na Mungu wake. Hili ni fungu la chombo. Chombo hakijatukosea."

Kisha akanirudishia noti ya elfu moja. Nikakataa. Akasema simu nayo ni chombo, ina fungu lake, na mimi nimekuwa kama mtu aliyebeba samaki wote nyumbani kwa sababu tenga ni langu. Nikaipokea. Sikuwa na jibu.

Ile video ya zamani nimeiacha mtandaoni, siifuti, ila juu yake nimebandika majina ya mabaharia wote watatu, kwa ruhusa yao. Hapa siwaandiki kwa sababu mjomba hataki umaarufu wa kusomwa, anataka wa kuonekana akigeuza ngalawa. Ni haki yake pia.

Ombi langu kwa kamati za mashindano, kuanzia Tiwi mpaka Vanga: kabla ya filimbi, semeni bahasha itagawanywaje, na mshereheshaji awe na karatasi ya majina ya kila aliye ndani ya chombo. Ni watu watatu au wanne tu, kuwasoma hakumalizi dakika. Na ninyi wenzangu wa kamera, kombe likitolewa msikimbilie jukwaani nyote. Mmoja wenu ageuke aangalie majini.

Idi ijayo kutakuwa na mbio nyingine kwetu, inshallah. Mjomba ameniambia nije mapema, nisiende ufukweni, nipande naye. Nitakaa wapi na simu yangu, bado hajasema. Nahisi ni juu ya tengo.