Safari ya Siku Moja katika Milima ya Alps

Siku, katika hesabu ya kale ya Waswahili, haianzi alfajiri. Huanza jua linapokuchwa: usiku hutangulia na mchana hufuata, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoamkia Ijumaa. Wako wanaoiona hesabu hii kuwa ya ajabu. Lakini mtu anayekusudia kupanda milimani na kurudi kwa siku moja, tena kwa gari la moshi, hapati hesabu nyingine inayomfaa zaidi. Safari ya namna hiyo hufaulu au huharibika tangu magharibi, mbele ya ramani na ratiba, kabla ya mguu kutiwa kiatuni.

Achukuliwe kwa mfano msafiri aliyeko Bern, mji wa serikali ya Uswisi. Kwao ni pwani ya Afrika Mashariki. Kazi iliyomleta imekwisha, na kabla ya kurudi amebakiwa na siku moja tupu ya mwezi wa Agosti. Hewa inapokuwa safi, akitazama kusini huona vilele vyeupe vimesimama safu moja: Eiger wenye mita 3,967, Mönch wenye mita 4,110, na Jungfrau wenye mita 4,158. Moyo wamwambia aende. Moyo una haki ya kutamani, lakini haujui kusoma ratiba. Kazi hiyo ni ya akili.

Njia ya gari si ngumu. Kutoka Bern hadi Interlaken ni mwendo usiotimiza saa nzima. Hapo abiria hubadili gari, akaingia jingine dogo linalofuata mto bondeni, na baada ya dakika 20 hivi hufika Lauterbrunnen, kijiji kilicho mita 795 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo mlima husimama wima, na reli ya kawaida haiwezi kuupanda, maana magurudumu yangeteleza. Kwa hiyo katikati ya reli mbili umelazwa upau wa chuma wenye meno, na chini ya gari liko gurudumu lenye meno linalouma meno yale, likapanda hatua kwa hatua mithili ya mtu apandaye ngazi. Reli hii ilifunguliwa mwaka 1893. Jina la gari la moshi limebaki katika lugha tu, kwani siku hizi gari lenyewe huvutwa kwa umeme. Hupita Wengen, kijiji kilicho mita 1,274, ambacho hakifikiwi kwa barabara ya motokaa, kisha huendelea hadi Kleine Scheidegg, kwenye mita 2,061, chini ya ukuta wa Eiger.

Kuhusu ratiba, msafiri huyu ana bahati. Tangu mwaka 1982 magari ya Uswisi yamepangwa kwa mzunguko, hata gari likiondoka leo saa fulani na dakika fulani, lifuatalo huondoka kwa dakika zile zile saa inayofuata, na katika njia nyingi huwapo jingine katikati. Tena magari hupangwa yakutane stesheni, ili abiria ashuke hili na kupanda lile bila kungoja sana. Limbakialo ni kugeuza saa. Ratiba huhesabu kuanzia usiku wa manane hadi 24. Mtu wa pwani huhesabu kuanzia mapambazuko na machweo. Aonapo 7.00 na ajue ni saa moja asubuhi, na aonapo 18.00 ni saa kumi na mbili jioni. Mwenye kuzoea hili hukosea mara chache. Mwenye kulidharau huweza kupoteza siku nzima.

Walakini wema wa ratiba hii una hatari yake. Kwa kuwa likikosekana gari moja huja jingine, mtu huanza kuamini kwamba daima litakuja jingine. Imani hiyo ni kweli kwa magari yote isipokuwa moja, nalo ni la mwisho. Na huko juu gari la mwisho la kushuka huondoka mapema kuliko mgeni anavyodhani. Mtu wa pwani amezoea jua kuchwa karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na mwanga kwake ni saa ya kutosha. Mwezi wa Agosti jua la Uswisi huchwa baada ya saa mbili za usiku. Ataona nuru imejaa mabonde, ng'ombe wangali malishoni na kengele zao shingoni, atadhani ni alasiri tu, kumbe stesheni inakaribia kufungwa. Nuru ya ugenini si shahidi wa kutegemewa.

Hatari ya pili ni kutaka vyote. Kutoka Kleine Scheidegg iko reli nyingine ipitayo ndani ya miamba ya Eiger na Mönch hadi Jungfraujoch, stesheni ya mita 3,454. Aliyeibuni ni Adolf Guyer-Zeller, mwenye viwanda, mwaka 1893. Kazi ilianza mwaka 1896, ikakadiriwa kuwa ya miaka 7. Ikachukua miaka 16. Mwenye shauri alifariki mwaka 1899, na stesheni ya juu ilifunguliwa mwaka 1912. Ikiwa mtu mwenye mali, wahandisi na ramani alipunjwa na mlima zaidi ya nusu ya hesabu yake, mgeni wa siku moja atawezaje kudai kwamba dakika zake zote zitatimia? Akiweka katika mchana mmoja Jungfraujoch, matembezi ya miguu, maporomoko ya maji na chakula cha raha, hatapata kimojawapo kwa ukamilifu. Mshika mbili moja humponyoka; mshika nne je?

Basi achague kutembea, na achague njia moja. Kutoka Wengen kiko kibanda kiningʼiniacho kwenye waya wa chuma, kinachompandisha abiria kwa dakika chache hadi Männlichen, zaidi ya mita 2,200. Kutoka hapo njia pana hushuka polepole kuelekea Kleine Scheidegg, mwendo wa kilomita 4 na nusu hivi, vilele vitatu vikiwa mbele ya macho muda wote. Njia za miguu za Uswisi, ambazo jumla yake ni zaidi ya kilomita 65,000, zina vibao vya manjano vinavyotaja muda wa kufika. Kwa njia hii muda ni saa moja na nusu. Lakini kibao huhesabu miguu inayokwenda tu. Hakihesabu kupumzika, kunywa maji, wala kusimama kwa mshangao. Anayepanga na aongeze muda wa mshangao, kwa sababu ndicho kitu kilichompeleka.

Sasa hesabu na ifanywe kinyumenyume. Aandike kwanza gari la mwisho la kushuka kutoka Kleine Scheidegg. Alifute, achukue lililotangulia mbele yake kwa saa nzima. Hilo ndilo gari lake. Atoe saa moja ya kula na kupumzika, kisha saa mbili na nusu za njia pamoja na mshangao wake, apate saa ya kuondoka Männlichen. Aendelee kurudi hivyo hadi Bern, na mwisho atakuta saa ya kuamka. Atakuta ni mapema kuliko apendavyo. Hiyo si dosari ya hesabu, ni bei ya safari.

Imebaki hewa, ambayo haina ratiba. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 na nusu hivi, hata Interlaken ikiwa na nyuzi 25, Kleine Scheidegg huwa na 15 tu, bila kuhesabu upepo. Mvua za radi za Agosti hupenda kuja alasiri, na dalili ya mvua ni mawingu. Kwa hiyo sweta na koti la mvua viingie mfukoni hata kama mbingu ni safi, na viatu viwe vya kushika ardhi. Pia akumbuke namba 1414, inayoita helikopta ya uokozi. Asubuhi ikiamka na mawingu mazito, shauri la pili liwe tayari: abaki bondeni Lauterbrunnen, aone maji ya Staubbach yanayoanguka karibu mita 300, kisha aende Trümmelbach, ambako maji ya barafu za milima ile mitatu hupita kwa kishindo ndani ya mwamba. Siku hiyo haitakuwa ya kufidia nyingine. Itakuwa siku kamili yenye sura yake.

Kwa nini yote haya yaamuliwe usiku? Kwa sababu mwenyeji akikosa njia yake leo, ataiendea Jumapili ijayo, na hivyo hurudi nyuma bila uchungu. Mgeni wa siku moja hana Jumapili ijayo. Wingu likishuka, au mguu ukichoka, atajiambia kwamba hatafika tena huku maisha yake, na neno hilo litamsukuma mbele wakati kila kitu kinamwambia arudi. Wakati huo yeye si hakimu mwema, maana uzuri wa mlima umekwisha kumhonga. Hukumu yapasa kutolewa na mtu yule yule akiwa ametulia chumbani, mbele ya ratiba, kwa kalamu: nikifika mahali fulani saa fulani bado sijaona mwisho wa njia, nitageuka. Kisha kesho yake aitii hukumu hiyo kama vile mtu anavyotii wosia. Mlima haumdai mtu kilele, nao hautaona haya kwa ajili ya aliyeishia nusu ya njia. Wanaomdai ni watu wa nyumbani, nao hawadai kilele, hudai kwamba arudi.